Mama Yangu Anasuka

Kwenye ukuta wa nyumba yetu, upande unaotazama barabara, kuna maandishi mekundu yanayosema HAPA TUNASUKA, na mshale. Mchoraji wa mabango alitukosea. Tulimwambia achore mishale miwili, mmoja uelekee mlango wa mbele na mwingine uelekee uani. Yeye akachora mmoja, tena unaoelekea juu, kwenye paa. Dada akasema tuache tu, watu watauliza. Na kweli wanauliza, kila siku ya Mungu, na anayejibu ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliye mlango wa mbele.

Mimi ni msusi wa nywele. Dada yangu anasuka mota. Kwa asiyejua: mota ya pampu, ya feni au ya mashine ya kusaga ikiungua haitupwi, inapelekwa kwa fundi. Fundi anazikata nyaya zilizoungua, anazing'oa zote, kisha anaingiza waya mpya wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka tumbo la ile mota lijae tena. Kazi hiyo nayo inaitwa kusuka. Nani aliipa jina hilo sijui, na ningemjua ningekuwa na neno naye, maana ametuvuruga vya kutosha. Nimeshaletewa pampu yenye tope ikatuliwa juu ya kiti changu cha wateja, pu! Dada naye ameshafuatwa uani na bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa kichwa wazi. Akamkuta mwanamke wa makamo amekaa chini, katikati ya magoti ana chuma, na nyundo iko pembeni. Yule binti alirudi mbele mbio. Nilimsuka huku anatetemeka.

Na dada yangu huyu, nawaambia, hajui kusuka nywele. Hajui kabisa, hata ile mistari ya kwenda nyuma ambayo mtoto wa shule anaiweza. Marehemu mama yetu alimfundisha mpaka akanyoosha mikono juu. Mstari wa dada ulianza kwenye paji la uso ukaishia sikioni. Mimi mdogo wake nilikuwa nasuka wanasesere, baadaye nikasuka wenzangu, mwisho nikasuka mtaa mzima. Yeye akawa anatazamwa kwa huruma, binti mzima na mikono haina faida.

Alivyoingia kwenye mota ni kichekesho. Alikuwa ameajiriwa kufagia na kuchemsha chai kwenye karakana ya mtu tuliyemwita Fundi Mzee, na jioni aliokota vipande vya waya sakafuni. Siku moja Fundi Mzee aligombana na mafundi wake, wakaondoka wote kwa pamoja na kumwachia kazi zimejaa mpaka mlangoni. Mzee akapandwa na jazba. "Kusuka, kusuka! Kazi yenyewe kwa jina ni ya kike, halafu wanaume wazima wananiringia!" Akamgeukia dada aliyekuwa na ufagio mkononi. "Wewe si mwanamke? Hujui kusuka?"

Dada akajibu, "Najua."

"Basi kaa hapa usuke."

Akakaa. Aliponisimulia nilimwuliza alipata wapi uso wa kusema uongo ule. Akanijibu kwa utulivu wake unaoniudhi mpaka leo, "Aliuliza kama najua kusuka. Hakuuliza kusuka nini. Na mimi nilikuwa nimewatazama siku zote nikifagia." Mota yake ya kwanza ilipowashwa ikanguruma vizuri, Fundi Mzee alienda kunawa mikono, akarudi, akaizima, akaiwasha tena. Kesho yake akatafuta mtu mwingine wa kufagia. Mzee alipochoka na kufunga karakana, dada alihamishia kazi uani kwetu, na watu wakamfuata.

Amesuka mota ngapi sijui. Ninachojua ni kwamba maji ya mtaa huu yanapandishwa kwenye matangi na pampu zilizopita katikati ya magoti yake. Ukoko wa vanishi, ile rangi ya kugandisha waya, kwenye kucha zake hautoki kwa sabuni yoyote. Akiwa anahesabu mizunguko ya waya, hata nyumba ikishika moto huwezi kumsemesha. Mimi huongea kutwa nzima, na wateja wangu hulipia maongezi yangu pamoja na nywele. Yeye anahesabu. Sijui tulitokaje tumbo moja.

Dada ana mtoto mmoja, binti. Baba yake, shemeji yangu, ni dereva wa malori ya masafa marefu, leo yupo kesho hayupo, mtu mwema ambaye tunamwona zaidi kwenye picha. Kwa hiyo mtoto alilelewa na sisi wawili. Mtoto wa dada yangu ni mwanangu, na mimi ni mama yake. Hayo ya mdogo na mkubwa ni maelezo ya kuwapa wageni. Akiita "Mama!" tuliitika wote, mmoja mbele mmoja uani, naye alikwenda kwa yule aliyemtaka. Kila mwisho wa wiki nilimkalisha katikati ya magoti yangu nikamsuka. Akitoka hapo alikwenda kukaa na mama yake, akimshikia rundo la waya lisijifunge mafundo. Hakuna aliyewahi kuuliza nani ni nani zaidi. Hapakuwa na haja.

Isipokuwa siku moja, alipokuwa darasa la chini. Mwalimu aliwauliza watoto kazi za wazazi wao. Wetu akasimama akasema, "Mama yangu anasuka." Wenzake wakafurahi, na jioni kundi la wasichana likaja nyumbani kusukwa bure. Mimi nilikuwa nimetoka. Walipitiliza uani, wakamkuta dada na uso mweusi kwa moshi wa waya uliochomwa. Mmoja akauliza, "Huyu ndiye mama yako anayesuka?" Mtoto wetu aliingia ndani akajificha nyuma ya pazia mpaka wenzake walipoondoka.

Dada hakumgombeza wala hakulitaja tena jambo lile. Lakini tangu siku hiyo, shule ikiita wazazi alinituma mimi. "Nenda wewe," alisema, "wewe unajua kuvaa." Kila mara alikuwa na kazi ya haraka. Nilikwenda. Nilipenda kwenda, tena nilijipamba haswa. Huko waliniita mama yake, nami nikaitika.

Mtoto akakua, akasoma, akawa mkalimani wa lugha ya alama kwenye shule ya wanafunzi viziwi. Mwalimu akisema kwa mdomo, yeye anasema kwa mikono. Sisi wawili hatujui hata alama moja, ila akija nyumbani huwa tunamtazama vidole vyake vikicheza peke yake anapoosha vyombo, kwa mazoea.

Sasa ndipo simu ikapigwa. Ilipigwa kwangu, maana dada haisikii simu yake kwa kelele za uani, na yeyote anayemtaka hupiga kwangu kwanza. Au labda ilipigwa kwangu kwa sababu nyingine. Hapo ndipo kichwa kinapoanza kuniuma.

"Naongea na mama yake mkalimani wetu?" Sauti ya kike, ya heshima. Alisema yeye ni katibu wa kamati ya hafla hapo shuleni.

"Ndiyo, ndiye mimi." Wala sikudanganya.

"Samahani mama, wewe ndiye unayesuka?"

"Ni mimi. Hata sasa hivi nimeshika kichwa cha mtu."

Katibu akacheka. Akanieleza kwamba wanaandaa hafla ya kuwaenzi wanawake, na kila mfanyakazi ameulizwa ni mwanamke gani anayempa moyo maishani. Wameamua kuwaalika hao waliotajwa. Lakini ni jambo la kushtukiza, waliowataja wasijue, kwa hiyo tafadhali nisimwambie binti hata neno. "Wengine wametuandikia kurasa," akasema. "Binti yako kasema maneno machache tu: mama yangu anasuka, na mimi nilijifunza kusema kwa mikono kwa kuitazama mikono yake." Tena akaongeza neno juu ya harufu ya hiyo mikono, kwamba ndiyo nyumbani kwake. Mwisho akaomba siku hiyo nisuke kidogo jukwaani, watu waone.

Nilifurahi vibaya mno. Mteja wangu nilimwacha na nusu kichwa, nikaruka uani kumwambia dada. Nilimwambia yote, na chumvi kidogo nikaongeza. Dada aliacha kuhesabu. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa.

"Kasema mama yangu?"

"Ndiyo."

"Mama yangu anasuka. Hakusema anasuka nini?"

Hakusema. Mungu wangu, hakusema! Nilisimama pale na kitana mkononi nikijaribu kukumbuka ile simu neno kwa neno. Harufu ya mikono: Katibu alisema inanukia au inanuka? Mikono yangu inanukia mafuta ya nywele. Ya dada inanuka vanishi. Neno moja dogo lingemaliza kesi yote, nami nilikuwa nimelisikia kwa sikio la furaha likapita.

"Basi ni wewe," dada akasema, akaushika waya wake tena.

"Kwa nini niwe mimi? Wewe ndiye uliyemzaa."

"Kumzaa siyo kumpa moyo. Na mimi hajawahi kunitaja kwa watu." Akauzungusha waya mara moja. "Ningependa kujua kama bado anaona aibu. Hilo tu. Lakini hatutamwuliza, umesema ni siri."

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani: yeye kwa kunyenyekea, mtoto kwa ubahili wa maneno, au mimi kwa sababu nilitaka niwe mimi, na nilikuwa naona aibu kulitaka mbele yake. Nikarudi kwa mteja wangu, nikamvuta nywele mpaka akalia.

Siku chache baadaye Katibu akapiga tena kupanga mambo ya jukwaani. Nikasema potelea mbali, nikakimbia na simu uani, nikaiweka sauti juu, nikampa dada. "Ongea naye wewe. Akikusikia tutajua anamtaka nani."

"Mama," Katibu akaanza, "kuhusu kusuka siku ile, usihangaike. Kichwa tutakuandalia sisi."

Dada akakunja uso. Pampu nazo zina kichwa, na kichwa ni sehemu ya maji, hakina waya wa kusuka. "Kichwa peke yake? Na mwili?"

Katibu akakohoa. "Na mwili utakuwepo, mama. Vitakuja pamoja."

"Hapo sawa. Ni kikubwa?"

"Cha kawaida tu."

"Maana nyingi zinazokuja kwangu zimeungua."

"Zimeungua? Na nini, mama?"

"Si umeme huo. Ukikatika ukarudi kwa nguvu, basi, kwisha."

"Ah, hizo mashine za kukaushia! Poleni sana. Sasa zikija hivyo unafanyaje?"

"Nakata zote. Nang'oa mpaka chini, nasafisha, ndiyo naanza upya."

"Unang'oa?" Sauti ya Katibu ilikuwa imepanda. "Haiumi?"

"Inauma, vidole hasa. Unazoea."

Mimi wakati huo nilikuwa nimejaza khanga mdomoni. Mbavu zilikuwa zinanivunjika.

"Siku ile tafadhali using'oe chochote," Katibu akasema haraka. "Tutakuletea isiyoungua."

"Isiyoungua nisuke ya nini?"

"Ipendeze tu, mama."

"Haya. Mwishoni nitapaka vanishi."

"Utapaka...?"

"Vanishi. Ishike, isije ikalegea."

"Aa, ya kung'arisha! Sawa, ila kidogo. Mama, nimefurahi kuongea na wewe. Mtu anayeijua kazi yake anajulikana tu. Kumbe ndiyo maana binti yako akakutaja."

Simu ikakatika. Nikaitoa khanga mdomoni nianze kucheka kwa sauti, nikamwona dada. Alikuwa ameishika ile simu kwa mikono miwili. "Huyo Katibu mota haijui hata kidogo," alisema, "lakini umemsikia? Kasema ni mimi." Alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu siku anajifungua. Nikairudisha khanga mdomoni. Nimwambie nini? Kwamba mwenzake alikuwa anaongelea kichwa cha mtu? Nikaguna tu, nikasema kuna mteja ananisubiri.

Kesho yake asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, akauliza bila kuniangalia, "Kile kichwa alichosema, ni kichwa cha mtu, siyo?"

"Nadhani."

"Mh." Akapuliza chai yake. "Basi twende wote. Atakayeitwa asimame."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, wanawake wawili kwa mwaliko mmoja. Mimi nilibeba kitana na mafuta. Yeye alibeba mfukoni mota ndogo ya feni iliyoungua, kwa sababu, alisema, mtu hajui. Nilimvalisha gauni langu la bluu. Kucha zake nilizisugua kwa limau mpaka akanifukuza.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, wenye madirisha marefu. Wanafunzi walijaa upande mmoja, nao wanaongea wote kwa wakati mmoja kwa mikono, kelele ya macho, haisikiki hata chembe. Upande wa pili walikaa wazazi na wageni, nasi tukawekwa mstari wa mbele. Katibu akaja, mwanamke mwembamba mwenye miwani, akatusalimia kwa shangwe. "Yupi ni mama yake?"

Tukasema kwa pamoja, "Sisi."

Akacheka akidhani ni utani. Ukumbi ulikuwa unamwita huku na huku, akaondoka kabla hatujamwongezea la pili.

Binti yetu alikuwa jukwaani tangu mwanzo, pembeni, na nguo nyeusi ili mikono yake ionekane vizuri. Kazi yake ilikuwa kutafsiri kila neno la mshereheshaji kwa wale wanafunzi. Alipotuona alishtuka, mikono ikamkosea, watoto wakacheka. Akatutazama mimi na mama yake kwa zamu. Halafu akaelewa, nikamwona ameelewa, akaendelea na kazi.

Wakaanza kuita. Mama wa mhasibu aliitwa, bibi wa mpishi akaitwa, wakapanda na kuvalishwa mashada, makofi yakapigwa. Upande wa viziwi makofi yao ni kunyanyua mikono juu na kuitikisa. Kila alipoitwa mtu nilimwona dada anajifuta viganja kwenye gauni langu.

"Na sasa," mshereheshaji akasema, kijana mwenye sauti nene na suti ya kubana, "tunaye mama wa mtu mnayemwona hapa kila siku, mkalimani wetu! Mama huyu ni msusi wa nywele. Kwa mikono yake amewapendezesha wanawake wengi, na kwa mikono hiyo akamsomesha binti yake!"

Msusi wa nywele! Imekwisha, nikajisemea. Ni mimi. Nikaanza kuinuka, na nilipoinuka nikaona dada ameinamisha kichwa na kuanza kupiga makofi, wa kwanza kabisa, kwa nguvu. Furaha yangu ikapotea palepale. Sikujua nisimame au nikae. Nikabaki nusu, magoti yamekunjwa, nikitafuta mahali pa kuyapeleka macho, nikayapeleka kwa mtoto.

Alikuwa hajatafsiri. Mikono ilikuwa imetulia kifuani, mshereheshaji anamsubiri. Ndipo akainyanyua. Lugha ile siijui, lakini kusuka nywele nakujua: vidole vinakwenda vitatu vitatu, vinashuka, vinabana. Yeye hakufanya hivyo. Mkono wa kushoto aliuweka wazi kama ameshika kitu kizito cha mviringo, wa kulia ukaingia ndani yake ukazunguka, ukatoka, ukaingia tena ukazunguka, taratibu, bila haraka, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Kisha akanyoosha kiganja, akakielekeza kwa dada.

Nusu ya ukumbi ilikuwa imeambiwa jambo moja, na nusu nyingine jambo tofauti. Wageni walikuwa wananitazama mimi niliyeinuka nusu, wakinipigia makofi. Wanafunzi wote walikuwa wamemgeukia dada, mikono juu, wanaitikisa.

"Mbona wale wananipungia mimi?" dada akaninong'oneza. "Wamekosea?"

Iliniuma. Nisiwadanganye, iliniuma sana, kwa sababu miaka yote ile nimeitikia jina la mama na nimelipenda. Nikakaa chini. Nikamshika kidevu nikamgeuzia uso jukwaani, kwa sababu mtoto alikuwa bado anarudia, anazungusha.

"Hawajakosea. Tazama mikono yake."

Dada akatazama. Nadhani hapana mtu mwingine anayesikia kwenye ukumbi ule aliyeijua kazi ile kwa kuiona tu hewani. "Anasuka mota," akasema. Halafu akasema tena, "Mbele ya watu wote."

"Nenda basi. Unakaa unangoja nini?"

Alipanda ngazi za jukwaa akijikwaa kwenye gauni langu, refu kwake. Juu palikuwa na kiti, na kwenye kiti msichana mmoja wa shule amekaa, nywele amezifumua zote, anasubiri kusukwa. Mshereheshaji alimkaribisha dada kwa madaha, akamwelekeza kwenye kile kichwa. Dada alikitazama kichwa. Msichana alimtazama dada. Katibu, pale chini, alikuwa ameshika miwani yake akitutazama mimi na yeye, amechanganyikiwa waziwazi. Mtoto wetu alikuwa analia na mikono yake iko tayari, maana kazi ni kazi, chochote kitakachosemwa lazima akipeleke.

Dada akaomba kipaza sauti. Mtu asiyeongea!

"Mimi sijui kusuka nywele," alisema. Wageni wakacheka, wakaacha, hawakujua kama ni utani. "Nasuka mota. Za pampu, za feni." Mikono ya mtoto ikazunguka. Wanafunzi wakatikisa vichwa kukubali, wao walikwishajua. "Hata huyu binti yangu sijamsuka hata siku moja. Aliyemsuka ni mdogo wangu, yule pale mwenye kitana." Vidole vya mtoto vikaenda vitatu vitatu, vikashuka, vikabana, na mimi nikainamisha uso.

Nilidhani amemaliza. Akakisogeza kipaza sauti karibu zaidi.

"Mimi nilikaa uani nikasuka mota tu. Mtoto amenisukia yeye."

Wageni wakaguna kwa pamoja, wakaelewa kwa namna yao. Nikamwangalia mwanangu. Alikuwa amenyanyua mikono aitafsiri sentensi ile. Akaanza kuuzungusha wa kulia, akaacha. Akaanza vidole vitatu, akaacha. Mikono ikabaki hewani. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, kama anauliza ni kusuka gani huko, kusikokuwa kwa waya wala kwa nywele. Wanafunzi walikaza macho kwenye mikono yake, wanasubiri, na mimi nilisubiri pamoja nao.